Pijo 504 ya paa la kukunja inauzwa huku Ufaransa, nimeenda kuikagua. Historia ya simba wa Sochaux na mambo ya kuangalia kabla hujatoa hela

MPIGA SPANA (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai avute kikombe.

Naishi Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa, huu mwaka wa tisa. Usiku naendesha foklifti ghalani, mchana nalala, na nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, naperuzi matangazo ya magari ya zamani. Hela sina. Ni ugonjwa tu, kama wale wanaopita Masaki kila Jumapili kuangalia nyumba. Wiki tatu zilizopita nikakuta tangazo la mistari miwili na picha mbili zilizopigwa gizani: Peugeot 504 Cabriolet ya 1972, kijivu, haijatembea tangu 2011, euro 29,000. Kijiji chenyewe kiko jirani na Sochaux. Sochaux ndiko kitovu cha Peugeot kilikozikwa, kutoka kwangu ni chini ya saa moja kwa gari.

Najua mkisikia Pijo 504 picha inayowajia ni ile ndefu ya safu tatu za siti, keria juu, magunia ya viazi juu ya keria, na kuku mmoja anayelalamika mahali usipomwona. Mimi pia. Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa moja, Moshi na Arusha, nyeupe iliyoishia kuwa rangi ya vumbi. Nyuma ilikuwa na springi nne, mbili kila upande, ndiyo maana ilikuwa inabeba na kubeba na haikai chini. Alikuwa akisema Pijo haifi, inastaafishwa.

Sasa chukua mnyama yuleyule, mpeleke Turin kwa fundi cherehani wa Kitaliano anayeitwa Pininfarina (kampuni ya kubuni na kutengeneza bodi za magari), mwambie amshonee suti. Matokeo yake ndiyo 504 Cabriolet. Saluni ya kawaida, yaani ile ya milango minne, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.74. Ile ya abiria ni mita 2.90. Hii ya paa la kukunja ni mita 2.55 tu. Imekaa chini, pua ndefu, mkia umenyooka, taa nne mbele kama macho ya paka aliyeamshwa usingizini. Ilionyeshwa Geneva Machi 1969 pamoja na pacha wake, coupé, ambayo ni umbo lilelile ila paa ni la bati.

Nimeenda kuiona Jumamosi iliyopita. Nitashusha yote, ya gari na ya historia, maana mwenye gari alinipa vyote viwili kwa mkupuo. Naomba dakika nikaoge nirudi.

MZEE WA GEREZANI

Nimekaa siti ya mbele kijana. Nimefungua injini za 504 tangu nikiwa sina ndevu. Nikuulize tu, hiyo isiyo na paa injini yake ni tofauti au ni ileile yetu iliyolala ubavu?

NAKURU MPAKA NAI

Ohoo, umenikumbusha mbali! Sisi tulizipanda Nakuru kwenda Nairobi, tulikuwa tunaziita Peugeot tu, hakuna mtu alisema gari. "Nimekuja na Peugeot." Dereva alikuwa na miwani nyeusi hata saa kumi na moja asubuhi. Tiririka bro.

MPIGA SPANA

Nimerudi. Mzee wangu wa Gerezani, shikamoo. Injini ni ileile, imelala nyuzi 45, slivu (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka) za kutoa na kuweka, silinda hedi ya aluminiamu. Lita 2 kasoro kidogo, cc 1971. Tofauti ni kwamba hii haina kabureta. Ina pampu ya Kijerumani ya kupulizia mafuta, Kugelfischer, inayogawa petroli kila silinda kipimo chake. Nitaigusa baadaye, maana ndiko maumivu yalikojificha, au angalau nilidhani ndiko yalikojificha.

Basi nimefika saa nne asubuhi. Mzee mwenye gari, nitamwita Mzee tu, jina lake si la kuweka hapa, ana miaka 77. Kabla hajafungua banda akanikaribisha jikoni kahawa. Akachukua kinu cha mbao chenye mkono wa chuma juu na kadroo chini, akakibana katikati ya magoti na kuanza kusaga. Kwenye kinu kuna kibati cha shaba. Nikainama kusoma. Peugeot, na simba.

Nikadhani ni zawadi za kiwandani, kama kalenda na kofia. Mzee akacheka mpaka akaacha kusaga. Akaniambia, kijana, hawa walitengeneza vinu vya kahawa miaka hamsini kabla ya kutengeneza gari.

Na kweli. Ukoo wa Peugeot ulikuwa na kinu cha kusagia nafaka kwenye maeneo haya ya Montbéliard. Mwaka 1810 ndugu wawili, Jean-Pierre na Jean-Frédéric, wakakigeuza kiwanda cha kuyeyushia chuma. Walianza na misumeno. Kutoka misumeno wakaenda kwenye springi za saa, vinu vya kahawa kuanzia 1840, vinu vya pilipili manga 1874, hata zile pete za chuma za kutanua magauni ya mabibi wa Kizungu enzi hizo. Vinu vya pilipili vinauzwa mpaka leo, ingieni mgahawa wowote wa maana huku mtakuta kimoja mezani.

Na simba je? Wengi tunadhani simba ni wa gari, eti nguvu, mbio, porini, mambo hayo. Simba ni wa msumeno. Mwaka 1847 walimpa kazi sonara mmoja wa Montbéliard, Justin Blazer, achore alama ya kugonga kwenye misumeno yao. Akachora simba anatembea juu ya mshale. Meno ya msumeno yawe magumu kama ya simba, bati lake lipinde na kurudi kama mgongo wa simba, na ukate haraka kama mshale. Alama ikasajiliwa 1858. Kwa hiyo yule simba wa pua ya Pijo ya baba mdogo alikuwa tangazo la msumeno, na sisi tulimwogopa bure.

Aliyeingiza ukoo kwenye magari ni Armand, kizazi cha baadaye. Alipelekwa Leeds, Uingereza, akaona viwanda vya huko, akarudi na wazimu wa magurudumu. Kwanza baiskeli, 1882. Mwaka 1889 akapeleka maonyesho ya Paris kigari cha matairi matatu kinachoendeshwa na mvuke, alichotengeneza na Léon Serpollet. Hakikumridhisha. Akahamia injini ya petroli ya Daimler, na mwaka 1891 akafanya jambo ambalo mtu wa matangazo wa leo angemwonea wivu: kulikuwa na mbio za baiskeli Paris hadi Brest na kurudi, yeye akatuma gari lake liwafuate waendesha baiskeli. Lilitoka huku Valentigney kwa magurudumu yake lenyewe, likaenda Paris, Brest, na kurudi. Zaidi ya kilomita 2,000, wakati huo gari likitembea kilomita ishirini bila kuharibika ni habari ya gazeti.

Mwaka unaofuata, 1892, wakatengeneza gari moja la pekee kwa ajili ya mtawala wa Tunis, limechorwa nakshi ubavuni utadhani sanduku la bibi harusi. Lipo makumbusho ya Sochaux, nimesimama mbele yake kama dakika kumi. Kwa hiyo ukoo huu na Afrika wamejuana kabla hata reli ya Mombasa haijaanza kujengwa.

KIJANA WA MBEYA

Mkuu hapa nimejifunza. Mimi ninayo Peugeot Partner ya 2006 nilidhani simba ni kwa sababu walishinda Safari Rally lol

MPIGA SPANA

Mdogo wangu, Safari Rally walishinda kwelikweli, usijicheke. 404 ilichukua 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Ya 1968 yaliondoka 93, yakarudi 7 tena, na mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya 404. Zile mbili za katikati alichukua Bert Shankland, na huyo alikuwa wa kwetu, mtu wa Dar es Salaam. Halafu 504 ikaja ikachukua 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas.

Sasa hiyo ya 1978 ndiyo inanihusu. Haikuwa saluni. Ilikuwa 504 coupé yenye injini ya V6 (silinda sita), pacha wa hili ninalolikagua. Lile umbo la fundi cherehani wa Kitaliano, la kwendea harusini, lilizamishwa kwenye matope ya Kenya ya mwezi wa Pasaka na likatoka la kwanza.

NAKURU MPAKA NAI

Baba yangu alisimama barabarani kuziona hizo. Anasema ungesikia mlio kabla ya kuona vumbi.

MTU WA NAMBA

Swali nje ya mada kidogo. Kwa nini namba zao zote zina sifuri katikati? 404, 504, 505, 205.

MPIGA SPANA

Ilianza na 201, mwaka 1929. Namba ya kwanza ni ukubwa wa gari, ya mwisho ni kizazi, sifuri ni mlango kati yao. Wakaisajili kabisa kwamba namba tatu zenye sifuri katikati ni mali yao. Mwaka 1964 Porsche wakafika Paris na gari jipya linaloitwa 901. Peugeot wakawaambia, jamani, hiyo sifuri ina mwenyewe. Porsche hawakutaka kesi, wakachomoa sifuri wakachomeka moja. Ndiyo 911 mnayoijua. Watu wa vinu vya pilipili manga ndio walioipa Porsche jina.

Na kwa kuwa tunaongelea paa za kukunja, msidhani ni ujanja wa juzi wa 206 CC, ile Pijo ndogo ya paa la chuma linalojikunja. Mwaka 1934 walikuwa wanauza gari lenye paa la chuma linaloingia lenyewe kwenye buti. Waliliita Éclipse. Aliyebuni si injinia, ni daktari wa meno, Georges Paulin. Mchana anang'oa meno, usiku anachora magari. Vita ilipokuja akaingia kwenye upinzani dhidi ya Wajerumani, wakamkamata, wakampiga risasi 1942. Mzee alinisimulia hilo akiwa amesimama, kikombe mkononi, hakukaa mpaka amalize.

Kiwanda cha Sochaux chenyewe Wajerumani walikichukua. Waingereza wakaja na ndege Julai 1943 kukilipua, mabomu mengi yakaangukia nyumba za watu. Basi akatokea kachero wa Kiingereza, Harry Rée, akakaa na Rodolphe Peugeot wa ukoo wenyewe, wakakubaliana: ndege zisirudi, sisi tutaharibu mashine kutoka ndani. Novemba 1943 wafanyakazi wakaingiza baruti. Rée alisimulia baadaye kwamba siku hiyo walikuwa wanacheza mpira na walinzi wa Kijerumani, baruti ikamdondoka mmoja mfukoni, mlinzi akamwambia, we bwana, umedondosha kitu. Akaokota, akashukuru, mchezo ukaendelea.

MAMA KOROSHO

Hadithi tamu, lakini GARI tumekuja kuona gari. Picha ziko wapi? Lina hali gani?

MPIGA SPANA

Dada yangu, haya twende bandani. Picha Mzee kaniomba nisiweke, na nimemheshimu.

Banda lina mlango wa mbao, sakafu ya udongo. Sakafu ya udongo ndiyo ilinishtua kwanza, kabla hata ya kuona gari. Gari lililokaa juu ya udongo zaidi ya miaka kumi linakunywa unyevu kutoka chini kama mgonjwa wa dripu. Nikanyamaza. Mzee akavuta shuka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi zikatokea taa nne.

Wakuu, ni zuri. Sitadanganya. Bampa za kromu nyembamba kama bangili. Siti za ngozi nyekundu iliyokolea, ya dereva imepasuka mshono mmoja upande wa kuingilia. Usukani mwembamba. Paa unalifungua kwa mkono: unafungua vibanio viwili juu ya kioo, unasukuma nyuma, linakunjika na kulala chini ya kifuniko. Mzee alilifungua kwa mkono mmoja, wa pili ameshika kikombe bado.

Hapa ndipo nataka wanunuzi wa magari ya zamani wanisikilize. Gari hili si la kununua injini. Ni la kununua bodi. Injini kama alivyosema mzee wa Gerezani tunaijua sote, vipuri vipo, 504 zilitengenezwa zaidi ya milioni 3, ziliunganishwa mpaka Kenya na Nigeria. Lakini bodi ya cabriolet hailingani na saluni hata bati moja la nje. Mlango si ule, bawa la mbele (bati la juu ya tairi) si lile, buti si lile. Zilikuwa zinashonwa Turin kisha zinaletwa Sochaux kufungwa injini na miguu, na kuanzia 1969 hadi 1983 zilitoka elfu nane na kitu tu. Yenye V6 hazikufika hata 1,000. Kwa hiyo ukiharibikiwa pistoni unacheka, ukiharibikiwa bawa unalia.

Na bati la miaka hiyo, haswa la Italia, lilikuwa linaoza likiangaliwa. Zaidi ya hapo, gari lisilo na paa la bati linabebwa na kitu kimoja: boriti ya bati inayopita chini ya milango, kushoto na kulia. Kwenye saluni paa linasaidia kushika gari lisipinde. Hapa hakuna wa kusaidia. Boriti ikioza, gari linapinda katikati kama kitanda cha kamba.

Nilikuwa nimebeba sumaku ya mlango wa friji, nimeifunga kwenye leso isikwaruze rangi. Nikaipitisha boriti ya kulia. Inashika, inashika, inashika. Nikazunguka kushoto. Imeshika mwanzo, katikati ikadondoka. Nikairudisha, ikadondoka. Mahali pale, kama urefu wa kiganja na nusu, hakuna bati. Kuna puti, ule udongo wa mafundi wa kuzibia matundu, na rangi.

Mzee alikuwa ananiangalia. Hakusema kitu.

Nikamwomba jeki. Nikainua gari nyuma ya tairi la mbele, upande uleule wa kushoto, kidogo tu mpaka tairi liache ardhi. Halafu nikafungua mlango, nikaufunga. Ulifunga, lakini ukakwaruza pembe ya nyuma, krrr. Nikashusha jeki, nikafunga tena: kimya, tak. Maana yake gari linapinda. Si sana. Lakini linapinda.

MZEE WA GEREZANI

Hapo umefanya kazi ya kiume. Vijana wengi wanawasha injini kwanza, wakisikia mlio wanatoa hela. Kipimo cha jeki na mlango ni cha siku zote, hata kwenye Land Rover za turubai. Je uliwasha?

MPIGA SPANA

Hatukuwasha, mzee wangu, na nilikataa kabisa Mzee asijaribu. Nilitoa plagi nne, nikatia oili kijiko kimoja kimoja kila silinda, tukaacha kama nusu saa, nikaizungusha kwa mkono. Ikazunguka laini. Injini haijakwama, alhamdulillah.

Halafu nikafungua kifuniko cha tangi nikanusa. Petroli ya zamani hainuki petroli, inanuka vanishi, kama duka la fanicha. Hiyo vanishi ndiyo iliyoko ndani ya pampu ya Kugelfischer sasa hivi, imekauka kama gundi. Ukipiga starta, vipistoni vidogo vya pampu vinakwama na kujikwaruza, na pampu hiyo kuitengeneza ni kwa mabingwa wachache, kwa maelfu ya euro. Wengine wanaitoa na kufunga kabureta za 504 ya kawaida. Linatembea vizuri tu, ila thamani inashuka, na kusema kweli ni kama kumvua bibi harusi viatu ukampa kandambili.

PESA MBELE

Mkuu, kwa hiyo hapo bei iwe ngapi? Na mimi naweza kulileta Dar nikalifanya la maharusi?

MPIGA SPANA

Zilizo safi kabisa huku zinazidi hiyo euro 29,000 tena mbali. Lakini hili lina boriti ya kukatwa na kushonwa upya, pampu ya kufufua, matairi, breki nzima, turubai lina nyufa dirisha la nyuma. Mimi kichwani niliandika 19,000 na nikaona hata hiyo inanizidi.

Kulileta Dar, kwanza usukani uko kushoto, pili ushuru wa uchakavu utakutoa machozi ambayo bibi harusi hatayaelewa. Mkenya ndiyo asahau kabisa, kwao gari likipita miaka 8 haliingii. Huku lilipo, kwa sababu lina zaidi ya miaka 30, linaweza kupewa kadi ya gari la kumbukumbu, na ukaguzi wake ni kila miaka mitano. Acha lizeekee kwao.

MAMA KOROSHO

Na huyo mzee alilipataje? Au ni la mkwe wake?

MPIGA SPANA

Swali hilo nilimuuliza mwisho, na ndilo lililonifanya nisilale.

Aliingia kiwanda cha Sochaux akiwa na miaka 18, mwaka 1966. Kwenye mstari, kufunga milango. Milango tu, siku nzima. Mwezi Mei 1968 mgomo ukashika Ufaransa yote, na Sochaux ukaendelea mpaka Juni. Tarehe 11 Juni polisi wakaingia kiwandani kuwatoa waliokuwa wamekalia. Wafanyakazi wawili walikufa siku ile. Mzee alikuwepo. Anasema baada ya hapo watu walirudi kazini hawaongei. 504 ilikuwa izinduliwe Juni, ikasogezwa hadi Septemba kwa sababu ya mgomo, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Ulaya. "Tuzo ilienda kwa wakubwa," akasema, basi, hakuongeza.

Miaka ile ya mwisho ya sabini kiwanda hicho kimoja kilikuwa na watu zaidi ya 40,000. Mabasi yalikuwa yanatoka vijijini usiku wa manane kuwachukua. Yeye na wenzake wa mlango walikuwa wakiona bodi hizi za cabriolet zinafika kutoka Italia kwenye lori, zimepakwa rangi tayari, wanazikodolea macho kama wali wa shughuli. Hili alilinunua mkononi mwa mtu, mwaka 1985, kwa kuunganisha akiba ya miaka saba. Mke wake alilipenda kuliko yeye. Kila Agosti walikuwa wanashuka nalo kusini. 2011 mke akaugua, gari likafunikwa shuka. Alifariki mwaka uliofuata.

Nikamwambia ukweli kuhusu boriti ya kushoto. Nikamwonyesha sumaku inavyodondoka. Akachukua sumaku, akajaribu mwenyewe mara tatu. Akasema aliwahi kulipeleka kwa fundi wa bodi mwaka 2003, akalipa boriti mpya, risiti anayo. Fundi alimpigia puti. Tukasimama pale wawili tunaangalia sumaku chini kwenye udongo.

Nikasema 19,000. Akasema atafikiri. Nikaondoka.

NAKURU MPAKA NAI

Huyo fundi wa puti anazaliwa kila nchi, aki.

MZEE WA GEREZANI

Kijana usiache. Boriti inatengenezeka, ni bati na welding. Ila usikate kabla hujafunga vyuma vya kushika milango mahali pake, la sivyo ukishaichomoa boriti gari litajikunja na mlango hautafunga tena maisha.

MPIGA SPANA

MREJESHO, Jumatano usiku.

Wakuu, niko mapumzikoni kazini nawaandikia haraka. Jana nimerudi kule na kaka mmoja wa Lubumbashi tunayefanya naye kazi, mchomeleaji kweli, kwao walikuwa na gereji. Alilala chini ya gari kwenye ule udongo na tochi, akagonga kwa nyuma ya bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma, anasikiliza. Akatoka, nywele zimejaa kutu, akaniambia: "Ndugu yangu, hii motokari ilisha kuoza mu mbavu moja tu. Ingine iko nguvu." Sehemu za juu, pale shokapu za mbele zinaposhika, ambako ndiko gari hizi hufia, ni safi. Sakafu ina tobo mbili za ukubwa wa sarafu.

Halafu akafungua mlango wa kushoto, akaunyanyua kidogo kwa kiganja, akausikiliza ukifunga, akaunyanyua tena. Akamuuliza Mzee kwa Kifaransa kama bawaba ziliwahi kuguswa. Mzee akamjia karibu. Wakaanza kuongea milango. Nusu saa, milango tu. Mzee akaingia ndani akatoka na spana fupi iliyopinda, ya kiwandani, akamwonyesha jinsi walivyokuwa wanarekebisha bawaba kwa mkono mmoja huku mstari unatembea. Mimi nikawa dereva tu wa kuwapeleka.

Leo saa tisa simu imeita niko usingizini. Mzee. Amesema 21,000 na spana iko ndani ya bei. Jumamosi nije na trela, na nisije bila yule Mkongo.

Hela nina 14,000. Mwenye trela la kuazima karibu na Mulhouse, Basel au Freiburg anicheki inbox.